Majirani Walukuba, Jinja, Uganda

Mama Faiza: Asalaam aleikum majirani. Jana nimemkuta mtoto mmoja, simtaji, amejificha nyuma ya bafu analia. Akaniambia, "Ningefaulu mtihani baba asingeondoka." Ana miaka 9. Nilikosa la kumjibu.

Baba Ibra: Wa aleikum salaam. Masikini! Kumbe kajibebesha talaka ya wakubwa.

Mwalimu: Darasani ninao sita wa hivyo, kila mmoja anadhani yuko peke yake. Nataka tuwakutanishe. Marekani, Chuo Kikuu cha Rochester kilianzisha mpango wa namna hii miaka ya 1980. Watoto wachache wa rika moja wanakutana kila wiki shuleni na walezi wawili, ikiwezekana mwanamke na mwanamume. Wadogo wanapewa vikaragosi, yaani wanasesere wa kuchezeshwa kwa mkono, na kikaragosi kinasema lile ambalo mtoto mwenyewe linamkwama kooni.

Haji: Mwalimu, siri za nyumba za watu zianikwe mkekani? Kesho soko zima litajua.

Mwalimu: Haji, hofu yako ni ya haki. Ya mkekani yabaki mkekani. Mzazi asiporidhia, hatumchukui mtoto. Wala hatuulizi nani alimkosea nani. Wenzetu wale wanawafundisha watoto kutenganisha tatizo wanaloliweza na wasiloliweza. Kuwarudisha wazazi pamoja hawawezi. Kusema "mama, usinitume kwa baba kudai ada" wanaweza.

Baba Ibra: Hilo la kutumwa limenichoma. Ibra nimemtuma kwa mama yake mara nyingi. Sikujua namuumiza.

Jaja: Wajukuu zangu watatu nitawaleta. Huyu mdogo kila usiku ananiuliza mama analala wapi.

Mama Faiza: Na mtoto akisema anapigwa?

Mwalimu: Hiyo hatufichi, na tutawaambia mapema. Tunakwenda ofisi ya probeshoni ya wilaya, wale wa ustawi wa watoto, au tunapiga 116, ile simu ya Sauti ya kusaidia watoto. Haina malipo.

Haji: Basi njooni barazani kwangu Jumamosi, madrasa ikitoka. Mikeka ipo.

Jaja: Mihogo juu yangu.

Baba Ibra: Mwalimu, niwe mimi yule mlezi mwanamume?

Mwalimu: Hapana, ndugu yangu. Ibra atakuwemo, na mbele yako hatafungua mdomo. Haji atakaa nami. Wewe mlete tu, kisha umsubiri nyumbani.

Baba Ibra: Sawa. Nitamleta.