Naomba ushauri: mfadhili ana madawati, sisi tunataka matuta ya barabarani

Hamjambo ndugu zangu. Niko kwenye bodi ya shule ya msingi ya umma huku Umoja, Nairobi. Kuna kampuni imejitolea kutupa madawati na jaketi za kung'aa za watoto, nembo yao mgongoni ikiwa kubwa kuliko jina la shule. Sawa, nembo haimuumizi mtu. Ila mbele ya lango letu matatu hupita mbio zikikwepa foleni ya barabara ya Outer Ring, na kivuko kilichochorwa zamani kimefutika kabisa. Jaketi haipunguzi mwendo wa matatu.

Tunaweza kuwaomba pesa za jaketi hizo ziweke matuta? Wa kuandikiwa ni KURA (mamlaka ya barabara za mijini) au kaunti, na barua itoke kwetu au kwa mfadhili? Tusije tukakosa hata hayo madawati.