Nimepitwa na abiria wangu mwenyewe, KWA MIGUU, mlima wa Kalinzi. Huyu mtu tumfanyeje?

Wakuu, naandika mikono bado inanuka dizeli. Nikikosea herufi mnivumilie au mpite kimya.

Kuna mtu hapa Kigoma mjini. Simtaji, nyote mnamjua. Yule anayevaa miwani ya jua hata msibani, ambaye kila mzigo wake ni "kadogo tu". Leo kanipigia: kuna kajenereta ka kupeleka Kalinzi, tela analo, mimi nije na pikapu tu. Nafika nakuta jenereta lina ukubwa wa ofisi ya kata. Tela lenyewe halina breki. Kulifunga tu, springi zangu za nyuma zikalala chali na taa za mbele zikawa zinamulika kunguru.

"Tani moja hiyo, mkuu." Tani moja! Labda upande wa kushoto.

Mpaka Mwandiga sikusema neno. Wenye njia mnajua, ukishaiacha Mwandiga kuelekea Kalinzi barabara inapanda kwa kisasi. Mashine yangu ni 1HZ, dizeli ya Land Cruiser, lita 4.2, haina tabo, inavuta kwa imani. Mshale wa joto ukawa unapanda mlima haraka kuliko gari. Nikafungulia hita mpaka mwisho ili enjini ipumue, madirisha wazi, jasho linaniingia machoni, nimeweka lo, ile gia nzito ya chini kabisa. Jamaa akaanza kulalamika humu ndani kuna joto. "Ngoja nishuke nikupunguzie uzito." Akashuka gari likitembea, wala hakuhitaji kuruka.

Akaenda kununua hindi la kuchoma kwa mama mmoja pembeni ya barabara. Akachagua. Akadai chenji. Akaisubiri chenji. Kisha akanifikia, akanipita, akanipungia mkono.

KWA MIGUU, wakuu. Na hindi mdomoni.

Watoto waliokuwa wanatoka shule wakamshangilia yeye, si mimi ninayevuta jenereta. Nafika juu namkuta dukani, chupa ya soda tupu mbele yake: "Ah, umefika? Nikajua umerudi." Na hela kakata, eti nimechelewesha mafundi. Hela sijali (najali sana). Ila ule mkono! Angenipita kimya ningemsamehe. Alipunga na mkono ULEULE wenye hindi.

Mji mzima mnamjua. Nani atambebea mzigo tena?

Kibirizi Original: Nimeishia hapo kwenye "akaisubiri chenji". Pole mkuu, ila nimecheka mpaka wife kaja kuniangalia.

Utingo Mstaafu: Lo kwenye lami na bado ukapitwa? Uza gari, nunua mahindi.

Mtoa mada: Bora lo kuliko kuhangaika na gia katikati ya mlima ukaunguza klachi. Wewe ungepungiwa mkono ungefanyaje?

Utingo Mstaafu: Ningeomba lifti.

Fundi wa Gungu: Tukiacha kicheko, tela lisilo na breki zake mwisho ni kilo 750, hata kwa hiyo Land Cruiser yako. Likiwa na breki ndiyo unafika tani 3 na nusu. Na kupanda si kitu, watu wanafia kwenye kushuka. Breki za pikapu peke yake zikichemka unakanyaga pedali inazama mpaka chini, na mzigo unakusukuma nyuma. Gia uliyopandia ndiyo hiyohiyo ya kushukia.

Mtoa mada: Nimeshuka mtupu, fundi. Jenereta lake na mahindi yake vimebaki hukohuko.

Mtazama Video: Wenzetu Marekani hawana shida hizi. Tela lao zito halining'inii kwenye bampa, linakaa ndani ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo mkia hauvutwi chini. Lina breki za umeme ambazo dereva anazirekebisha palepale alipokaa. Dizeli lita 6.7, tabo, breki ya ekzosi. Wanapanda Colorado mpaka handaki la Eisenhower, mita 3,400 hivi kutoka usawa wa bahari, wanakunywa kahawa.

Utingo Mstaafu: Kahawa ya Kalinzi?

Kibirizi Original: Abiria wao wanashukia wapi kununua mahindi?

Mnyamwezi Halisi: Watu wa Kigoma mnapenda kulia. Sisi Tabora hatuna milima, tuna matuta. Kila kijiji tuta, halina rangi wala kibao, usiku unalijua likishakurusha. Tela langu juzi limetua kabla yangu. Mlinisikia nafungua uzi?

Kibirizi Original: Mnyamwezi tulia, asali yenu siku hizi nusu sukari.

Mnyamwezi Halisi: Asali ya Tabora USIIGUSE. Tuongelee mawese yenu. Nimenunua dumu hapo stesheni Kigoma wakati napanda treni, kufika nyumbani namimina: mawese juu, maji chini.

Mama Mawese: Ulinunua kwa yule wa pale getini? Huyo anatuharibia jina wote.

Fundi wa Gungu: Yule mimi alinipa dumu lina mchanga.

Mtoa mada: Jamani mbona mmehamia kwenye mawese? ALINIPUNGIA MKONO.

Mnyamwezi Halisi: Subiri kwanza mkuu. Mama, ni yule mwenye kilemba cha kijani?

Mama Mawese: Huyohuyo. Na anakuapia kabisa. La kwako lilikuwa la lita ngapi?

Mnyamwezi Halisi: 20.

Mama Mawese: Yesu wangu. Maji yalifika wapi?