Skrini pana ya inchi 34: ninunue au ananizuga?

Kutoka: Mama wa Leeds

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za baridi. Ofisini sasa tunafanya kazi nyumbani siku tatu kwa wiki, na shingo imekwisha kwa kuinamia laptopu. Kijana wangu wa miaka 15 naye amenikalia kooni tununue ile skrini pana ya inchi 34, iliyopinda. Ati tutaitumia wote: mchana mimi na majedwali yangu ya Excel, jioni yeye na PS5 yake, ile mashine ya gemu. Nina pauni 350, siongezi hata peni. Meza ina upana wa sentimita 120, na kwenda ndani 60. Nisaidieni.

Kutoka: Fundi wa Leicester

Marahaba dada. Anakuzuga, ingawa pengine mwenyewe hajui. PS5 haitoi picha ya 21:9, yaani upana 21 kwa kimo 9 kama skrini hizo pana, na mashine ya Xbox vivyo hivyo. Ukizichomeka kwenye skrini pana, picha inakaa katikati na pembeni kunabaki weusi kushoto na kulia. Au skrini inaivuta picha ijae, wachezaji wa mpira wote wanakuwa vibonge.

Sasa chukua rula. Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, ndiyo maana zinadanganya. Skrini ya inchi 34 ya 21:9 ina kimo cha sentimita 33 na kidogo, sawa na inchi 27 ya kawaida ya 16:9. Kwa hiyo mwanao atacheza kwenye inchi 27, wewe umelipia 34.

Jihadhari zaidi na zile pana za inchi 29 zinazouzwa bei ya kutupa. Kimo chake ni kama cha inchi 23. Utarudi kuinama kulekule.

Kwa matumizi yenu ningechukua inchi 27 yenye pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 2560 kwa 1440, kioo cha aina ya IPS, hezi 120 kwenda juu. Hezi ni mara ngapi picha inabadilishwa kwa sekunde. Kwenye Excel hutaona tofauti kubwa, kwenye mbio za magari utaiona. PS5 inakubali picha ya pikseli 2560 kwa 1440 tangu 2022, ila kijana aingie mwenyewe kwenye mipangilio ahakikishe imewashwa.

Kutoka: Kaka wa Reading

Fundi, usiitukane skrini pana. Mimi ninayo ya 34 mwaka wa tatu huu. Kushoto barua pepe, katikati hesabu, kulia mkutano, na hakuna ule ukuta wa plastiki wa skrini mbili zilizopangwa pamoja. Kwa kazi sirudi nyuma.

Ila nakubali mambo mawili. Yangu ni kioo cha VA, aina nyingine tofauti na IPS: weusi wake mzuri kweli, lakini kwenye gemu za gizani vitu vinavyokimbia vinaacha mkia kama moshi. La pili, anayecheza kwenye kompyuta ajue pikseli 3440 kwa 1440 ni karibu milioni 5, na zile za 27 ni milioni 3.7. Kadi ya grafiki, kile kifaa cha kompyuta kinachochora picha, inabeba theluthi zaidi. Yangu ililalamika kwa feni hadi mke wangu akahamia sebuleni.

Kutoka: Mama wa Leeds

Vibonge! Nimecheka mpaka chai imemwagika. Swali la mwisho: nikiichukia je? Na Mungu akipenda, baada ya miaka miwili narudi Tanga. Naweza kwenda nayo?

Kutoka: Fundi wa Leicester

Nunua mtandaoni, dada. Kwa sheria ya hapa Uingereza, kitu ulichoagiza mtandaoni una siku 14 tangu kikufikie za kusema hukitaki, hata kama ni kizima. Dukani haki hiyo haipo, ni hisani ya mwenye duka. Siku ya kwanza fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu chumba kikiwa na giza, utafute pikseli zilizokufa na mwanga unaovuja pembeni.

Tanga utafika nayo bila taabu: plagi ni ileile ya pini tatu bapa. Soma tu kibandiko cha umeme. Kikiandika volti 100 hadi 240, umemaliza. Boksi na maboya yake meupe ya kukingia usitupe, hata kama yatakaa juu ya kabati miaka miwili. Nimeona kontena likifunguliwa Dar, skrini iliyofungwa kwa blanketi ikawa na nyufa kama utando wa buibui.

Na kwa meza ya sentimita 60, angalia mguu wa skrini. Mingine inakula robo ya meza. Chagua inayopanda na kushuka, ukingo wa juu ulingane na macho. Hapo ndipo shingo itapona.

Kutoka: Mama wa Leeds

Nimechukua ya 27, imefika jana, pauni 80 zimebaki. Kijana alinuna hadi saa moja usiku, saa mbili nikamkuta ameshaichomeka. Shida ni kebo ya HDMI, ile ya kupeleka picha kwenye skrini, haifiki kwenye meza yangu. Kuna mwenye ya mita tatu hapa Leeds?