Naomba ushauri: ziara za klabu ya bustani majira ya joto, mnazipangaje?

Mpenda Kijani (mleta mada):
Habari zenu wadau. Klabu yetu ya bustani imenipa kazi ya kupanga ziara za majira ya joto. Tutatembelea bustani za nyumbani za watu, kisha mkulima wa waridi na mwingine anayeotesha miche ya nyanya na pilipili. Wanachama tumezidi thelathini na karibu wote wanataka kwenda kila mahali. Mwenye bustani ya nyumbani anaweza kupokea wangapi bila kero? Na je, tumpe pesa au zawadi? Halafu yule wa miche amesema hapokei mtu mwenye viatu vya udongo, na baadhi yetu wameona anaringa. Naombeni uzoefu, hasa nyie mnaopokea wageni.

Mama Waridi:
Karibu mwanangu. Mimi napokea wageni, na nakuambia thelathini kwa mpigo ni wengi mno. Wakizidi kumi na wawili, wa nyuma hawasikii ninachoeleza, wanaanza kupita katikati ya matuta ili wasogee. Udongo wenye unyevu ukikanyagwa hushikamana, mizizi inakosa hewa, na kuurudisha hali yake ni kazi ya msimu mzima. Wagawe makundi matatu: mengine asubuhi, mengine jioni. Saa za jua kali waacheni watu wapumzike, na maua nayo huwa yamelegea.

Tarehe msipange kwa kuangalia nafasi zenu tu. Muulizeni mwenyeji maua yake hufunguka lini. Waridi nyingi huchanua kwa awamu, na ukifika katikati ya awamu mbili utaonyeshwa majani.

Kitalu Chetu:
Mkuu, huyo wa miche haringi hata kidogo, na ningependa wanachama wako walielewe hili vizuri. Udongo wa kwenye soli husafirisha magonjwa. Kuvu wa mnyauko fuzari wa migomba, kwa mfano, hukaa ardhini miongo kadhaa hata migomba ikishang'olewa, na hakuna dawa ya kuusafisha shambani. Mkulima akishaupata, shamba hilo halifai tena kwa aina za migomba zinazoshambuliwa nao. Hivyo anayekuzuia mlangoni analinda riziki yake.

Sugueni viatu kwa brashi na maji nyumbani, tope lote litoke, ndipo mkanyage dawa mlangoni. Klorini ya kwenye dawa hiyo ikikutana na tope huishiwa nguvu, kwa hiyo kuchovya kiatu kichafu ni kujidanganya.

Kwenye nyanya na pilipili kuna jambo jingine: wavutaji sigara wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kuingia. Virusi vya batobato ya tumbaku, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, vinaweza kuwa ndani ya sigara yenyewe, na vinahamia kwenye mche kwa kuugusa tu. Bora zaidi, mtu asiguse chochote mpaka aambiwe.

Na ulizeni mapema lini alipulizia dawa. Lebo ya kiuatilifu husema watu wakae nje kwa muda gani, na kwa baadhi ni siku nzima au zaidi. Mkulima mwema atawaambia msogeze tarehe. Msinung'unike.

Jembe la Asubuhi:
Kuhusu pesa, kiingilio si aibu. Uingereza mwaka 1927 wenye bustani binafsi 609 walifungulia watu milango kwa kiingilio kidogo, fedha zikaenda kwa wauguzi waliokuwa wakihudumia wagonjwa majumbani, na utaratibu huo upo hadi leo. Kusanyeni, mwenyeji achague ziende wapi.

Mama Waridi:
Hapo sikubaliani sana, kaka. Kwa mkulima sawa, mnamkatisha kazi, na mkinunua miche yake mmemshukuru vya kutosha. Ila mimi ukinipa bahasha nyumbani kwangu najisikia kama nimewauzia chai. Nileteeni mche ambao sina.

Mpenda Kijani:
Asanteni sana. Na vipandikizi je? Kuna wanaotembea na mkasi mfukoni.

Kitalu Chetu:
Mkasi ubaki kwenye gari. Kwa mkulima wa waridi ni zaidi ya adabu: aina nyingi mpya zina haki za mgunduzi, yaani za aliyezizalisha mara ya kwanza, na tangu Mkataba wa UPOV wa 1961, ule wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, nchi nyingi zimeziwekea sheria. Kuzizalisha ili uuze bila ruhusa ni kosa. Mkasi usiosafishwa nao hubeba ugonjwa kutoka kichaka hadi kichaka.

Mama Waridi:
Nyumbani kwangu anayeomba humkatia mwenyewe, tena namfungia kwenye karatasi yenye unyevu. Anayekata nikigeuka, klabu yake hairudi.

Mpenda Kijani:
Nimewaelewa. Nagawa makundi matatu, habari ya viatu na mikasi naiandika kwenye tangazo lenyewe la ziara, na kesho nampigia mkulima wa miche nimuulize siku zake za kupulizia dawa kabla sijataja tarehe kwa mtu yeyote.