Msaada: faili la RAR lililogawanywa vipande sita linagoma kufunguka

Mwalimu wa Fizikia:
Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Nimepakua video za masomo ya fizikia ya kidato cha nne, zilizobanwa kwa WinRAR (programu ya kubana na kufungua faili za RAR) na kugawanywa vipande sita, kuanzia fizikia.part1.rar hadi fizikia.part6.rar. Nikibofya kipande cha pili naelekezwa kuanza na kilichotangulia. Nikianza na cha kwanza kazi inakwenda vizuri hadi cha nne, kisha unatokea ujumbe kwamba faili limeishia njiani. Mtandao ulikatika nilipokuwa nakipakua kipande hicho, nikarudia, na sasa folda ina fizikia.part4.rar yenye megabaiti 612 pamoja na fizikia.part4 (1).rar yenye megabaiti 1,000. Je, nipakue vyote upya, ilhali bando lililobaki halitoshi, au ipo njia nyingine? Wanafunzi wanazisubiri video hizi kwa ajili ya mtihani.

Fundi Kompyuta:
Mwalimu, usipakue chochote, kwa maana kila unachohitaji tayari unacho. Vipande vya RAR hutoka na ukubwa unaolingana isipokuwa cha mwisho, kwa hiyo hicho chenye megabaiti 612 ndicho kilichokatika. Uliporudia, kivinjari kilikuta jina hilo limekwisha kutumika, kikaongeza (1) kabla ya kiendelezi, yaani ile .rar ya mwisho wa jina. WinRAR hutafuta kipande kinachofuata kwa jina lake kamili, basi inaendelea kukichukua kile kibovu na kukipita kizima kilicho pembeni yake. Futa kile pungufu, kibadilishe jina hicho kizima kiwe fizikia.part4.rar, hakikisha vyote sita vimo katika folda moja, kisha fungua part1 peke yake, na vilivyobaki programu itavifuata yenyewe kwa zamu. Kabla ya kutoa video, bonyeza kitufe cha Test: programu itakagua kila kipande, na kikiwapo chenye data zilizoharibika itakitaja kwa jina, ili upakue hicho kimoja tu.

Mkongwe wa Linux:
Naongezea kwa wengine watakaosoma uzi huu, maana kila aina ina mlango wake. Faili za 7-Zip (programu nyingine ya kubana) zinazoishia na .7z.001, .7z.002 na kuendelea hufunguliwa kwa kuanzia 001. ZIP iliyogawanywa ni tofauti: vipande vya mwanzo huitwa .z01, .z02, lakini cha kufungua ni kile chenye .zip, ambacho ndicho cha mwisho, kwa sababu orodha ya yaliyomo huandikwa mwishoni. Wapo wanaoshauri kuunganisha vipande kwa amri ya cat (Linux) au copy /b (Windows); hilo linafaa kwa vile vya .001, ambavyo ni faili moja lililokatwakatwa, ila kwa RAR msilifanye, kwani kila kipande kina kichwa chake chenye maelezo.

Mwalimu wa Fizikia:
Nawashukuru sana, ndugu zangu. Ukaguzi umepita bila hitilafu na video fupi zimetoka zote. Imebaki moja ya majaribio ya maabara, yenye gigabaiti 4.7, ambayo inakataa kuandikwa kwenye flashi, ingawa flashi ina gigabaiti 20 zilizo wazi.

Fundi Kompyuta:
Bila shaka flashi hiyo imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hata nafasi ikiwa tele. Itoe video hiyo kutoka kwenye RAR na uiweke kwenye diski ya kompyuta kwanza. Ukitaka kuibeba kwa flashi, ifomati kwa exFAT, mfumo unaopokea faili kubwa, lakini hamisha kwanza kila kilichomo, kwa sababu kufomati hufuta vyote. Thibitisha pia kwamba kifaa utakachochomeka darasani kinasoma exFAT, kwani baadhi ya runinga na dekoda za zamani haziisomi. Ikiwa kifaa hicho hakiisomi, chomeka kompyuta yenyewe kwenye projekta.