Wavulana wafundishwe hedhi darasani?

Mama Gredi Saba, Kisauni: Binti yangu alirudi nyumbani saa nne asubuhi, sweta kaifunga kiunoni. Sketi iliingia doa, wavulana wakampigia madawati, na mwalimu akamwambia aende akajisafishe. Nauliza: wavulana wafundishwe habari za hedhi pamoja na wasichana, au wasichana peke yao?

Mzee wa Majengo: Pole, mama. Lakini mambo haya yana wenyewe. Msichana akivunja ungo alikuwa na somo wake, yaani kungwi, akaitwa chumbani akafunzwa. Mvulana atafuta nini humo? Nyanya zetu walitumia vitambaa vya leso na hakuna aliyekosa shule.

Bint Likoni: Nyanyangu hakukanyaga shule hata siku moja, mzee wangu, angeikosaje? Na kitambaa hicho hukukifua wewe. Kilianikwa uvunguni, mwanamume asikione. Hakipati jua, kinavaliwa kibichi, mtu anawashwa wiki nzima.

Mzee wa Majengo: Sikumtusi nyanyako. Leso ni safi.

Bint Likoni: Ikianikwa juani!

Fundi Changamwe: Leso za nini, na sodo za bure ni sheria? Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi 2017: kila msichana wa shule ya umma aliyebaleghe apewe na serikali, za kutosha.

Mama Gredi Saba: Wangu alipata pakiti moja muhula mzima.

Fundi Changamwe: Na kodi si iliondolewa? 2011 nadhani.

Bint Likoni: VAT ni 2004. 2011 ni ushuru wa forodha. Na aibu haikuondolewa na yeyote: 2023 Seneta Gloria Orwoba aliambiwa atoke Seneti kwa doa la suruali. Mtu mzima, tena mtunga sheria.

Mwanamadrasa: Mzee, katika Qurani sura ya Baqara aya ya 222 inaanza, "Wanakuuliza juu ya hedhi." Waliomwendea Mtume kuuliza ni wanaume. Leo mvulana akiuliza tunamwambia hayamhusu?

Mzee wa Majengo: Waliuliza kwa adabu. Siku hizi Ramadhani wasichana wanakula hadharani eti wako mwezini.

Bi Mkubwa, Bamburi: Hadharani wapi? Mimi nilikula chooni, ndugu yangu. Miaka kumi na minne, andazi mkononi, mlango nimeusukuma kwa mguu. Kakangu akanikuta akanitangaza mtaani kuwa sifungi. Angekuwa amefunzwa asingenifanyia vile.

Mzee wa Majengo: Kula mbele ya waliofunga si adabu, dada.

Bi Mkubwa, Bamburi: Nimekwambia chooni!

Fundi Changamwe: Mfungo una heshima yake, lakini mtoto kula chooni hapana. Hapo mzee sikuungi mkono.

Mama Gredi Saba: Jamani, kesho Jumatatu na mtoto yuwasema haendi.

Bi Mkubwa, Bamburi: Mtilie sketi ya pili mkobani, nawe uende naye. Waulize walimu mbele ya wavulana hao hao walichokuwa wakichekea. Mzee, kuhusu chooni bado sijamaliza nawe.