Mjadala: Anayetaka misuli bila kitambi, aache wali?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi uliopita uani tunapofanyia mazoezi ya kuinua chuma hapa Langoni, Lamu, palibandikwa karatasi ya wino mwekundu: "Hakuna wali. Hakuna mkate. Hakuna ndizi. Misuli haitaki wanga." Aliyeibandika ni mwenzetu, namjua, na nia yake ni njema. Lakini vijana wameishika kama sheria, na maneno hayo sasa nayasikia hata barazani kwa watu wasiogusa chuma. Mimi nayapinga, na kwa kuwa yamebandikwa hadharani nayapinga hadharani.

Nianze na nilichokiona. Kuna kijana wa kilo 60 hivi. Asubuhi anashusha mawe ya ujenzi mashuani na kuyapandisha mtaa wa Mkomani, jioni anakuja uani. Alikuwa anakwenda vizuri sana. Alipoisoma ile karatasi akaacha wali na mkate siku hiyohiyo. Siku ya tano akaja anacheka, mizani imeshuka kilo 2. Juma la tatu alichuchumaa na chuma mabegani, kilekile alichozoea kukiinua mara 10, na mara ya nne miguu ikaanza kumtetemeka. Tulimshikia chuma wawili, mmoja kila upande. Midomo imemkauka, jicho limelegea. Namuuliza umekula nini leo, ananiambia mayai 2 asubuhi na kipande cha samaki adhuhuri. Mtu amebeba mawe tangu jua halijapanda!

Na zile kilo 2 za furaha hazikuwa mafuta. Wanga tunaokula mwili huuweka akiba kwenye misuli na ini, na akiba hiyo huitwa glikojeni. Mtu mzima huwa nayo kama gramu 400 kwenye misuli na kama gramu 100 kwenye ini, na kila gramu hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukiacha wanga, akiba inaliwa na maji yake yanatoka. Mizani inashuka, kitambi kiko palepale. Na glikojeni ndiyo misuli inayoitegemea unapoinua kitu kizito mara nyingi mfululizo. Ukiimaliza huwezi kuinua vya kutosha, na usipoinua vya kutosha msuli hauna sababu ya kukua.

Msuli unajengwa kwa vitu vitatu pamoja: mzigo unaoongezwa kidogokidogo, protini ya kutosha, na kalori zinazozidi kidogo zile unazotumia. Nasema kidogo, kalori 250 hadi 300 kwa siku. Ukizidisha 1,000 kwa haraka ya kujaza kifua, nyingi zitaishia tumboni. Protini, karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Kijana wetu wa kilo 60 anahitaji gramu 96. Samaki aliyepikwa ana gramu 20 hadi 25 katika kila gramu 100, yai moja lina 6, bakuli la mbaazi lina kama 13. Samaki gramu 300 kwa siku, mayai 2, mbaazi na wali wake, ameshafika. Hana haja ya kopo la unga wa protini linalokula mshahara wa juma.

Wanga sasa. Gramu 1 ya wanga ni kalori 4, sawasawa na protini. Mafuta ni 9. Kwa kazi ile ya mawe na chuma cha jioni, nampa gramu 5 za wanga kwa kila kilo ya mwili, yaani 300 kwa siku. Sahani ya wali uliopikwa ya gramu 250 ina kama 70. Kwa hiyo sahani mbili za wali hazijafika hata nusu ya anachohitaji! Mnamwambia aache nini?

Mkitaka cha kukata, nitawaonyesha. Chai yetu tunatia vijiko 3 vya sukari, kila kijiko gramu 4. Hesabu vikombe 5 tangu asubuhi mpaka baada ya Isha: gramu 60, kalori 240. Hiyo sukari peke yake ni karibu ile ziada yote niliyoitaja, na haikukushibisha. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na viazi karai vya jioni havitoki na kijiko kimoja.

Naomba mnijibu: karatasi ibaki au iondoke?

ALIYEBANDIKA KARATASI

Waaleikum salaam. Ni mimi, na sitaiondoa kwa sababu ya kijana mmoja.

Bwana, wewe umezungumza kama kila mtu hapa ni mchukuzi wa mawe. Mimi nakaa dukani tangu saa 2 asubuhi mpaka magharibi. Nilikuwa kilo 84. Niliacha wali, mkate, mahamri, soda, vyote, na kwa miezi minne nikashuka kilo 9. Sasa natembea mpaka Shela na kurudi bila kuhema. Mama yangu ana sukari, kaka yake alikatwa mguu kwa sukari. Hili kwangu si la kujipamba.

Na hesabu zako ni nzuri kwa anayejua hesabu. Mwambie kijana apunguze robo kikombe, hapunguzi. Mwambie aache, anaacha. Sheria fupi ndiyo inayoshikwa.

MAMA WA MKOMANI

Wanangu, mnagombana juu ya wali na mimi ndiye ninayeupika. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza umepikwaje.

Wali mweupe wa maji na wali wa nazi si chakula kimoja. Nikikuna nazi mbili, tui la kwanza ni zito, mafuta yake unayaona kwa macho yakikaa juu. Tui la pili na la tatu ni jepesi, na mimi ndiyo naanza nayo kuupikia mchele, zito nalimwagia mwishoni. Mkiniambia, naweza kutumia la pili peke yake, na ladha haitapotea sana. Samaki naweza kumpaka ukwaju na kumchoma, asizame kwenye karai. Lakini lazima mseme kabla sijawasha moto, si mnakuja mmenuna mnachambua chakula nilichokwisha kupakua.

Na jambo la pili. Sisi tunakula sinia moja, watu watano. Huyo mwenye gramu zake atapimaje? Atakaa pembeni na sahani yake kama mgonjwa?

MVUVI WA KIZINGITINI

Samaki gramu 300 kila siku, mwalimu, unasema kama mtu anayenunua sokoni majira ya kaskazi. Njoo mwezi wa Juni, upepo wa kusi umechacha, bahari haiingiliki kwa dau dogo. Siku nne hatutoki. Anayepatikana bei yake inaruka, na aliye mzuri amekwenda hotelini kabla hajafika kwako. Kamba wetu ndio kabisa, tunawavua na hatuwaonji. Vijana wa kwangu wanafanya mazoezi kwa matofali na mitungi ya maji. Wape hesabu ya kusi pia.

MWANZISHA MADA

Nimewasoma wote mara mbili.

Ndugu yangu wa dukani, kilo 9 hizo ni kazi kubwa na sikunyang'anyi. Umeshuka kweli, na huenda umejiokoa. Ila angalia ulivyoviacha: pamoja na wali zimetoka soda, sukari ya chai na mahamri yaliyozama mafutani. Kalori zilipungua, ndipo ukapungua. Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani kilichapisha mwaka 2018 utafiti wa watu 609 kwa miezi 12, kundi moja likipunguza wanga, la pili likipunguza mafuta. Wa wanga walishuka wastani wa kilo 6.0, wa mafuta 5.3, na tofauti hiyo haikuwa ya kuhesabika kitaalamu. Njia zote mbili zinafika. Yako ni halali kwa mtu wa dukani, kwako wewe hata gramu 2 au 3 za wanga kwa kila kilo ya mwili zinatosha. Kwa mbeba mawe ni kumvunja. Na mwenye sukari anayetumia dawa au sindano asiache wanga ghafla bila kumwona daktari, dawa ile ile inaweza kumshusha sukari mpaka azimie. Hilo peke yake linatosha kuiondoa karatasi isiyobagua anayeisoma.

Ulivyosema sheria fupi ndiyo inayoshikwa, hapo umenishinda. Basi tuifupishe hivi: jipime kila asubuhi kabla ya chai, chukua wastani wa juma, na pima kiuno kwa kamba kwenye kitovu. Kwa kijana wa kilo 60, uzito ukipanda gramu 150 hadi 300 kwa juma na kiuno kimetulia, usiguse kitu. Majuma mawili yakipita haujapanda, ongeza kikombe kimoja cha wali kwa siku, hicho ni kama kalori 200. Kiuno kikitangulia kupanda, toa kalori hizohizo, uanzie kwenye sukari na mafuta, na wali uje mwisho. Protini usiiguse hata siku moja. Na wali mwingi uuweke karibu na kazi, kabla na baada ya chuma, ndipo unapotumika.

Mama, shikamoo, na ahsante. Tui la pili ndilo jawabu nililokuwa sina. La sinia nimelifikiria sana, kwa sababu kijana akitengwa na sinia ataacha mazoezi, na mimi ningeacha. Nadhani wali asiupime mezani kabisa. Ale sinia na wenzake mpaka ashibe kama kawaida, marekebisho yafanywe nje ya sinia: ndizi mbili kabla ya chuma, au kuziacha, chai ya kijiko kimoja badala ya vitatu. Mizani ya juma itatuambia kama sinia imezidi. Kama una njia bora nifundishe.

Mvuvi, umenikosoa kwa haki. Wakati wa kusi nawapangia mbaazi, kunde na pojo (choroko) mara mbili kwa siku pamoja na mayai na dagaa wakavu. Protini ya kunde huja na wanga wake ndani, kwa hiyo hapo sahani ya wali ndiyo inayopungua kidogo, na anayefuata karatasi ile hangeweza kula hata kunde. Vijana wako wakitaka, nitakuja Kizingitini na mizani yangu bahari ikitulia.

Kijana wa mawe amerudi kwenye wali juma la pili sasa. Jana aliinua chuma kilekile mara 9. Karatasi sijaibandua, mwenye nayo ndiye atakayeibandua. Ndugu yangu, njoo Ijumaa baada ya Asri na kalamu yako nyekundu, tuiandike upya pamoja na huyu kijana akiwepo.